Kuunganisha Majedwali katika Modeli za Data za Uchanganuzi wa Biashara: Dai Lililojificha Nyuma ya Jumla

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi majedwali yanavyounganishwa katika modeli za data zinazotumika kuchanganua biashara, na kwa nini kiungo kisicho sahihi huzaa jumla zisizo za kweli bila programu kutoa onyo lolote. Hoja yetu ni kwamba kila kiungo baina ya majedwali mawili ni dai kuhusu hali halisi ya mambo, na kwamba dai hilo lapasa kuthibitishwa kabla ya jumla kuaminiwa. Mfano tunaoutumia ni wa msambazaji wa kubuni wa vifaa vya ujenzi mwenye makao yake Bujumbura na matawi Gitega, Uvira na Kalemie. Tunajadili pia mabadiliko ya mipaka ya kiutawala katika nchi zetu, ambayo huvunja viungo vilivyokuwa sahihi, pamoja na baadhi ya istilahi za Kiswahili ambazo mjadala huu unazihitaji.

1.0 Utangulizi

Takwimu zinazofika mezani kwa mshauri wa sera siku hizi mara nyingi hazikujumlishwa na mtu. Zimejumlishwa na programu iliyochota data kutoka majedwali kadhaa, ikayaunganisha, ikachuja, kisha ikatoa mchoro wenye rangi za kupendeza. Msomaji wa ripoti huiona jumla. Huenda hata akaona chanzo cha data kimetajwa chini ya mchoro. Asichokiona ni viungo: ni safu ipi ya jedwali lipi iliyofungwa na safu ipi ya jedwali jingine, na kwa sharti gani.

Kwa muda mrefu suala hili limeachiwa mafundi wa kompyuta, na kwa maoni yetu hilo ni kosa. Anayeamua kwamba mteja mmoja anaweza kuwa na namba mbili za simu, au kwamba mkoa wa Tanganyika ni mwendelezo wa Katanga, hafanyi uamuzi wa kiufundi. Anatoa kauli kuhusu jamii, uchumi na historia. Kauli hiyo ikiwa na kasoro, hesabu yote inayofuata itakuwa na kasoro, hata kama kila hatua ya kujumlisha imefanywa kwa usahihi.

2.0 Asili ya dhana na tatizo la istilahi

Edgar F. Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya utafiti ya IBM huko San Jose, California, alichapisha mwaka 1970 makala yaliyopendekeza kwamba data kubwa zinazotumiwa na watu wengi zipangwe katika majedwali. Kabla ya hapo, mtumiaji wa hifadhidata alilazimika kujua njia ambazo mashine ilizitumia kutoka rekodi moja hadi nyingine. Codd aliitenganisha maana ya data na mpangilio wake ndani ya mashine. Mtumiaji angeuliza anachokitaka, na mashine ingetafuta njia yenyewe.

Hapa pana jambo linalowahusu wanaistilahi. Neno la Kiingereza ambalo Codd alilichagua, na ambalo Kiswahili hulitafsiri kwa kawaida kuwa “uhusiano”, lilitoka katika nadharia ya seti. Katika nadharia hiyo, uhusiano ni seti ya orodha pangilifu za thamani. Kwa lugha nyepesi, ni jedwali lenyewe. Baadaye, mwaka 1976, Peter Chen alichapisha modeli yake ya vitu na mahusiano, ambamo uhusiano ni kile kinachokifunga kitu kimoja na kingine: mteja na ankara, mfanyakazi na idara. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anayekutana na maneno “hifadhidata ya uhusiano” hudhani yanahusu mafungamano baina ya majedwali, ilhali muasisi wake alimaanisha jedwali. Neno moja limebeba dhana mbili. Katika makala haya tunatumia “jedwali” kwa dhana ya kwanza na “kiungo” kwa dhana ya pili, na tunaliacha neno “uhusiano” lipumzike kidogo.

Istilahi ya pili yenye matatizo ni ile inayotafsiriwa “ufunguo wa kigeni”. Msomaji anaweza kudhani ufunguo huo umetoka ng’ambo. Kinachomaanishwa ni safu iliyomo katika jedwali moja lakini inayorejelea ufunguo msingi wa jedwali jingine. Tunapendekeza “ufunguo rejea”, kwa kuwa istilahi hiyo inataja kazi yake.

3.0 Ufunguo, undani na umbo la modeli

Tumchukue msambazaji wetu wa kubuni. Anauza saruji, mabati, misumari na rangi. Ana jedwali la Wateja, ambamo kila mteja ana safumlalo moja; jedwali la Bidhaa; jedwali la Matawi; na jedwali la Kalenda, lenye safumlalo moja kwa kila siku ya mwaka. Haya ni majedwali ya maelezo: yanajibu maswali ya nani, nini, wapi na lini. Kisha ana majedwali ya matukio: Mauzo, Malipo na Usafirishaji. Haya hurekodi yaliyotokea, na ndiyo yenye kiasi cha fedha na idadi ya mifuko.

Modeli iliyopangwa vizuri huliweka jedwali la matukio katikati na kulizungushia majedwali ya maelezo. Umbo hilo huitwa nyota, na lilienezwa sana na Ralph Kimball, ambaye kitabu chake kuhusu maghala ya data kilitoka mwaka 1996. Kila mstari wa nyota ni kiungo cha aina ya moja kwa nyingi: mteja mmoja, mauzo mengi, bidhaa moja, mauzo mengi. Ufunguo msingi umo upande wa moja na haurudiwi kamwe. Ufunguo rejea umo upande wa nyingi, nao unaweza kurudiwa kadiri matukio yanavyojirudia.

Katika nadharia ya Codd kila safumlalo husomeka kama kauli: “Mteja fulani alinunua mifuko 40 ya saruji katika tawi la Uvira siku fulani.” Kiungo nacho husomeka vivyo hivyo. Kiungo cha moja kwa nyingi baina ya Wateja na Mauzo kinasema: “Kila uuzaji una mteja mmoja, na mteja huyo yumo katika jedwali la Wateja mara moja tu.” Kauli hiyo inaweza kuwa ya uongo. Wakandarasi wawili wanaweza kuchangia lori moja la saruji kwa ankara moja. Mteja mmoja anaweza kusajiliwa Uvira kwa jina la duka lake na Kalemie kwa jina lake mwenyewe. Programu haina njia ya kuyajua hayo.

Jambo la pili la kulitambua mapema ni kiwango cha undani, yaani safumlalo moja inawakilisha nini hasa. Je, ni ankara nzima au bidhaa moja ndani ya ankara? Ni siku au mwezi? Kimball alisisitiza kwamba swali hili lijibiwe kabla ya mengine yote katika kuliunda jedwali la matukio, na uzoefu unaonyesha kuwa alikuwa na sababu. Makosa mengi tutakayoyaeleza hutokana na kuunganisha majedwali mawili yenye viwango tofauti vya undani kana kwamba ni sawa.

4.0 Jumla zinazovimba

Tuanze na kosa jepesi. Msambazaji ametuma mzigo kwa meli kutoka Bujumbura hadi Kalemie. Ankara ina bidhaa tatu: saruji, mabati na rangi. Gharama ya usafirishaji ni faranga 900,000 kwa mzigo mzima, nayo imeandikwa katika jedwali la Usafirishaji lenye safumlalo moja kwa kila ankara. Jedwali la Mauzo lina safumlalo tatu kwa ankara hiyohiyo, moja kwa kila bidhaa. Mchanganuzi anayaunganisha kwa namba ya ankara, na gharama ya 900,000 inajirudia mara tatu. Akijumlisha, anapata 2,700,000. Tawi la Kalemie, ambalo wateja wake hununua bidhaa nyingi kwa ankara moja kwa sababu meli haiji kila siku, litaonekana kuwa na gharama kubwa mno za usafiri kuliko tawi la Gitega, ambako mteja hupita akanunua misumari tu. Mtu mwenye nia njema anaweza kupendekeza tawi hilo lifungwe.

Kosa hilo hugunduliwa mara nyingi, kwa kuwa nambari huvimba kiasi cha kutia shaka. La hatari zaidi ni lile ambalo nambari yake ya mwisho inapendeza. Tuseme mteja mmoja ana ankara tatu: faranga milioni 1, milioni 2 na milioni 3. Amelipa mara mbili: milioni 2.5 na milioni 1.5. Jumla ya mauzo ni milioni 6, jumla ya malipo ni milioni 4, naye anadaiwa milioni 2. Mchanganuzi analiunganisha jedwali la Mauzo na jedwali la Malipo kwa ufunguo wa mteja. Kwa kuwa hakuna kinachosema malipo gani ni ya ankara gani, kila ankara inaoanishwa na kila malipo, na matokeo ni safumlalo sita.

Jedwali 1: Matokeo ya kuunganisha Mauzo na Malipo kwa ufunguo wa mteja (faranga)

| Ankara | Kiasi cha ankara | Malipo | Kiasi cha malipo |
|---|---|---|---|
| A | 1,000,000 | ya kwanza | 2,500,000 |
| A | 1,000,000 | ya pili | 1,500,000 |
| B | 2,000,000 | ya kwanza | 2,500,000 |
| B | 2,000,000 | ya pili | 1,500,000 |
| C | 3,000,000 | ya kwanza | 2,500,000 |
| C | 3,000,000 | ya pili | 1,500,000 |
| Jumla | 12,000,000 | | 12,000,000 |

Mauzo yamehesabiwa mara mbili, malipo mara tatu, na jumla zote mbili zimefika milioni 12. Deni la mteja limekuwa sifuri. Ripoti itamwonyesha kuwa mlipaji mwema asiyedaiwa kitu, na huenda akaongezewa mkopo wa bidhaa. Nambari tulizichagua ili zilingane barabara, hilo tunalikiri. Lakini utaratibu wenyewe ni uleule kwa nambari zozote, na mara nyingi hutoa deni lisilo sahihi ambalo halimshtui mtu.

Tiba yake si ngumu. Majedwali mawili ya matukio hayaunganishwi moja kwa moja. Kila moja hujumlishwa kivyake kwa kiwango cha mteja, kisha jumla hizo mbili huwekwa kando kwa kando. Katika modeli ya nyota maana yake ni kwamba Mauzo na Malipo yote mawili hufungwa na jedwali moja la Wateja na jedwali moja la Kalenda, na kila swali hupitia humo. Majedwali haya ya pamoja ndiyo yanayowezesha kulinganisha matukio ya aina mbili. Idara mbili zikiwa na majedwali mawili tofauti ya wateja, hakuna programu itakayoweza kuzilinganisha kwa uaminifu, hata iwe ghali kiasi gani.

Hata hivyo, kuna hali ambapo wingi upo pande zote mbili kwa haki. Wakandarasi wawili wanaochangia ankara moja ni mfano. Hapo huhitajika jedwali la daraja, lenye safumlalo moja kwa kila jozi ya ankara na mkandarasi, pamoja na safu ya mgawo: mmoja 0.6, mwingine 0.4. Migawo ya kila ankara lazima ijumlike kuwa 1. Safu hiyo ndogo hurudi tena katika sehemu ya saba, ambako uzito wake ni mkubwa zaidi.

5.0 Mwelekeo wa kuchuja

Katika programu za uchanganuzi kama Power BI, kiungo hupitisha kichujio. Msomaji akichagua “Uvira” katika jedwali la Matawi, mauzo ya Uvira pekee hubaki. Kwa kawaida kichujio hutiririka kutoka upande wa moja kwenda upande wa nyingi, wala hakirudi nyuma. Mtumiaji anaweza kuruhusu kitiririke pande zote mbili, na wengi huruhusu mara tu ripoti inapokataa kuonyesha wanachokitaka. Ushauri wetu ni kutofanya hivyo pasipo sababu inayoweza kuandikwa kwa sentensi moja, kwa kuwa njia zikiwa nyingi kutoka jedwali moja hadi jingine, jibu hutegemea njia iliyopitiwa.

Programu hiyohiyo huruhusu kiungo kimoja tu kilicho hai baina ya majedwali mawili. Mauzo yana tarehe ya oda na tarehe ya kupokelewa mzigo, na zote mbili zinadai kufungwa na Kalenda. Mmoja utakuwa hai, mwingine utalala hadi uamshwe kwa fomula. “Mauzo ya Desemba” basi yana maana mbili, na ripoti isiyosema imetumia tarehe ipi haijasema chochote kuhusu Desemba.

6.0 Funguo zisizokutana

Kiungo hufanya kazi pale tu thamani za pande mbili zinapolingana herufi kwa herufi. Katika eneo letu sharti hilo ni gumu kuliko linavyoonekana.

Misimbo ya bidhaa za forodha ni mfano mzuri. Katika mfumo wa kimataifa wa uainishaji, kahawa iko chini ya kichwa 0901 na chai chini ya 0902. Faili ikifunguliwa katika Excel bila tahadhari, safu hiyo huchukuliwa kuwa nambari na sifuri ya mwanzo hufutwa: 0901 huwa 901. Jedwali la maelezo likiwa na 0901, kahawa yote itakosa mwenzake. Tukumbuke kwamba kahawa na chai ni uti wa mgongo wa mauzo ya nje ya Burundi. Namba za simu zinazoanza na sifuri hupatwa na mkasa huohuo, na wafanyabiashara wengi huzitumia namba hizo kama ufunguo wa mteja. Simu si mtu: mtu mmoja hubeba laini mbili au tatu, na laini iliyoachwa hupewa mtu mwingine.

Majina ni mabaya zaidi. Duka la Uvira limeandikwa upande mmoja kwa kifupisho cha Kifaransa “Ets” mbele yake na upande mwingine bila kifupisho hicho. Mteja wa Bujumbura ana majina mawili, na karani mmoja ametanguliza la ukoo, mwingine la ubatizo. Ndiyo maana mbunifu makini hutunga ufunguo bandia, yaani namba isiyo na maana yoyote nje ya modeli, na kuyaacha majina yabaki kuwa maelezo.

Kinachotokea funguo zisipokutana hutegemea zana. Katika lugha ya SQL, muungano wa ndani huziondoa kimya safumlalo zisizo na mwenza, na jumla hupungua. Power BI, kwa viungo vya kawaida, huziweka zote chini ya safumlalo moja tupu, na jumla kuu hubaki sahihi. Data zilezile, kosa lilelile, majibu mawili. Safumlalo hiyo tupu huwaudhi wakubwa, na mchanganuzi huombwa aifiche ili ripoti ipendeze. Aifichapo, amefanya yale ambayo SQL ingeyafanya: ameifuta kahawa.

Viwango vya kubadilishia fedha vinastahili neno moja. Tawi la Kalemie hupokea faranga za Kongo na dola za Marekani. Makao makuu huhesabu kwa faranga za Burundi. Jedwali la viwango lina ufunguo wa sehemu mbili, sarafu na siku, na baadhi ya programu hukubali kiungo cha safu moja tu, kwa hiyo sehemu hizo mbili huunganishwa kuwa safu moja. Sasa, benki kuu haitangazi kiwango Jumamosi na Jumapili, bali duka huuza. Mauzo ya wikiendi hukosa mwenza. Lazima mtu aamue kama kiwango cha Ijumaa kitumike, na uamuzi huo uandikwe.

7.0 Mipaka inayohama

Hadi hapa tumezungumzia viungo vilivyokosewa tangu mwanzo. Kundi lenye madhara makubwa zaidi kwa watunga sera ni viungo vilivyokuwa sahihi, kisha ulimwengu ukabadilika.

Mwaka 2015 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitekeleza mgawanyo uliowekwa na katiba ya mwaka 2006, na kutoka mikoa 11 ikawa na 26, Kinshasa ikiwemo. Katanga iligawanywa kuwa Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika. Kalemie, lilipo tawi la msambazaji wetu, ulikuwa mji wa Katanga na sasa ni makao makuu ya Tanganyika. Jedwali la Matawi lifanywe nini?

Njia ya kwanza ni kulifuta neno “Katanga” na kuandika “Tanganyika”. Kiungo hakivunjiki, lakini mauzo yote ya mwaka 2010 sasa yanaonekana kufanyika katika mkoa ambao haukuwapo. Njia ya pili ni kuongeza safumlalo mpya ya tawi lilelile, yenye tarehe ya kuanza, na kuiacha ya zamani na tarehe ya kuisha. Historia inahifadhiwa, ila mchoro wa mikoa utaonyesha Katanga ikiporomoka hadi sifuri na Tanganyika ikichomoza kutoka utupu. Kila njia hujibu swali lake. Ya kwanza hujibu: “Eneo linaloitwa Tanganyika leo limeuza kiasi gani tangu mwanzo?” Ya pili hujibu: “Kila mwaka, mikoa iliyokuwapo iliuza kiasi gani?” Tatizo huja pale mchanganuzi anapochagua moja kimyakimya na mshauri akadhani ni nyingine.

Msambazaji ana bahati, kwa sababu data zake ni za kiwango cha tawi, na Kalemie haijahama. Anaweza kuyajibu maswali yote mawili. Asiye na bahati ni mtafiti mwenye takwimu za zamani zilizojumlishwa kwa kiwango cha mkoa tu. Kutoka mikoa minne mipya kwenda Katanga ya zamani ni kujumlisha. Kutoka Katanga ya zamani kwenda mikoa minne hakuna njia ila kwa migawo, na hapa ile safu ya mgawo hurudi. Tugawe kwa idadi ya watu? Kwa thamani ya madini? Kwa ukubwa wa ardhi? Kolwezi na Kamina hazitapata sehemu sawa kwa vigezo hivi vitatu. Anayechagua kigezo amechagua, kwa kiasi kikubwa, mkoa upi uonekane tajiri.

Burundi imekwenda upande wa pili. Kwa sheria ya mwaka 2023, mikoa imepunguzwa kutoka 18 hadi 5: Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega. Kuunganisha huonekana rahisi kuliko kugawa, lakini angalia majina. Gitega ni jina la mkoa wa zamani, na pia ni jina la mkoa mpya ulio mkubwa kuliko ule wa zamani. Aliyelitumia jina kuwa ufunguo hatapata onyo lolote. Kiungo kitafanya kazi, safumlalo zote zitapata wenza, na ripoti itaonyesha Gitega ikikua kwa kasi ya ajabu katika mwaka mmoja. Ni mfano safi kabisa wa hoja ya makala haya: mashine imeridhika, nambari inapendeza, na dai lililomo ndani ya kiungo ni la uongo. Msimbo mpya wenye tarehe ya kuanza kutumika ungelizuia kosa hilo.

Rwanda ilipitia mageuzi ya namna hii mwaka 2006, wilaya 106 zilipopunguzwa hadi 30, na watafiti wanaofuatilia mwelekeo wa miaka mingi bado hulazimika kushuka hadi vitengo vidogo zaidi ili kuvuka mwaka huo. Misimbo ya forodha nayo hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa. Toleo linalofuata lile la 2017 lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Msimbo mmoja wa zamani unaweza kutawanyika katika mipya kadhaa, na mipya kuchota kutoka ya zamani kadhaa. Huo ni wingi kwa wingi, nao unahitaji daraja na migawo kama ankara ya wakandarasi wetu wawili.

Hata uanachama ni kiungo chenye tarehe. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Jedwali la nchi likiwa na safu ya “mwanachama: ndiyo/hapana” bila tarehe, biashara ya Burundi na Kongo ya mwaka 2012 itahesabiwa kuwa ya ndani ya Jumuiya. Likiwa na tarehe, biashara ya ndani itaruka juu mwaka 2022 bila hata shehena moja ya ziada kuvuka ziwa. Zaidi ya hayo, shehena hiyo hurekodiwa mara mbili: Burundi kama bidhaa iliyotoka, Kongo kama iliyoingia. Rekodi za nchi mbili zikirundikwa katika jedwali moja na kufungwa na jedwali moja la nchi pasipo safu inayotofautisha kutoka na kuingia, biashara huongezeka karibu maradufu. Nasema karibu kwa sababu thamani hizo mbili hazilingani hata zikiwa sahihi: zinazotoka huthaminiwa kwa kawaida bila gharama za usafiri na bima za safari ya nje, na zinazoingia huthaminiwa pamoja nazo.

8.0 Kupima kiungo

Mshauri wa sera hahitaji kujifunza SQL ili ajilinde. Anahitaji kuomba nambari chache ambazo mchanganuzi yeyote mwangalifu anaweza kuzitoa kwa muda mfupi. Ya kwanza ni idadi ya safumlalo za jedwali la matukio kabla ya kuunganishwa na baada yake. Ikiongezeka, kuna uvimbe. Ikipungua, kuna kilichodondoka. Ya pili ni jumla ya fedha kama ilivyo katika chanzo, kabla ya jedwali lolote la maelezo kuguswa, ilinganishwe na jumla ya ripoti. Katika mfano wetu, daftari la mhasibu linasema mauzo ya mteja ni milioni 6. Ripoti inayosema 12 haihitaji mjadala mrefu. Ya tatu ni orodha ya funguo zilizokosa wenza, ikiwa na thamani yake kwa fedha na si idadi yake tu, kwa kuwa funguo 3 kati ya 1,000 zaweza kubeba nusu ya kahawa.

La nne si nambari. Ni maelezo ya kila kiungo kwa sentensi kamili, ya aina tuliyoitoa katika sehemu ya tatu: “Kila uuzaji una mteja mmoja”, “Kila tawi liko katika mkoa mmoja kwa wakati mmoja, na mkoa unaotajwa ni ule wa siku ya mauzo.” Sentensi hizi ziandikwe na mchanganuzi, kisha zisomwe na mtu aliyewahi kusimama dukani au forodhani. Karani wa Kalemie atajua mara moja kwamba sentensi ya kwanza si ya kweli. Mchoro wa modeli, wenye mistari na vinyota vyake, hautamwambia kitu. Hapa lugha si pambo: sentensi ikiandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa cha kiofisi, mtu anayeijua kweli yake huenda asipate nafasi ya kuikanusha.

Kwa upande wa taasisi, ofisi za takwimu za nchi zetu zina misimbo ya maeneo, nazo huitangaza mipya mipaka inapobadilika. Kinachohitajika zaidi ni jedwali la ulinganisho lenye safu tano: msimbo wa zamani, msimbo mpya, tarehe ya kuanza, mgawo, na kigezo kilichotumika kupata mgawo huo. Jedwali hilo litolewe siku ileile sheria ya mipaka inapoanza kutumika, majina yakiwa kwa lugha zote zinazotumika katika eneo na msimbo ukibaki uleule, ili mtafiti wa Kigoma na mwenzake wa Kalemie, kila mmoja ng’ambo yake ya ziwa, waifunge data yao kwa ufunguo mmoja.